Sinia Lisiloguswa na Maji

Kanini alinipigia simu siku tatu baada ya kumzika baba yake. Hakusalimu. "Mwende, Baba amekuachia sinia," akasema. "Na ameacha maneno. Eti usilioshe." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi za chuo ninakofundisha upakaji rangi wa vyuma, wanafunzi wangu wakinitazama kama mtu aliyeletewa msiba akaupokea vibaya. Jumamosi nikaenda kwake Nyayo Highrise, ghorofa ya nne. Sebule ilikuwa bado na viti vya plastiki vya kukodi na harufu ya tangawizi, na juu ya kabati la vyombo, likiwa limeegemezwa ukutani kama picha ya harusi, lilikuwa sinia lenyewe: jeupe, waridi jekundu katikati, na pembeni alama za vidole vya watu ambao wengi wao hawapo tena. Kutoka dirishani kwa Kanini unaona mabati ya Kibera yakishuka hadi kwenye reli. Nilisimama pale na kikombe changu, nikatafuta kwa macho mahali ilipokuwa karakana yetu. Sikuiona. Sasa pamekuwa kibanda cha kuchaji simu, Kanini aliniambia, na mwenye kibanda hajui kwamba kwenye bati lake moja, kwa ndani, palikuwa na hesabu ambayo ilinifunza zaidi ya shule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa mpaka rangi wa Fundi Mutiso, baba yake Kanini, pale Laini Saba, Kibera. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kirefu kama behewa, na treni ikipita kila kitu kilichotundikwa kilicheza. Fundi alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko uso wake. Alitengeneza masinia. Alikata bati duara, akaliweka juu ya kalibu, ambayo kwa kweli ilikuwa kipande cha gurudumu la lori, kisha akalizungushia nyundo ya mbao taratibu mpaka likakubali kuinama. Mwishoni alikunja ukingo juu ya waya ili usimkate mtu. "Bati halilazimishwi," alikuwa akiniambia. "Linaombwa mara mia tatu." Mimi nilipokea sinia likiwa limekamilika umbo, nikalisugua kwa msasa, nikalipaka, nikalitia maua. Kupaka kitu kilichokwisha kukunjwa si kama kupaka ukuta. Rangi hukimbia kwenye mteremko na kujikusanya chini ya ukingo kama machozi, na mpaka rangi mzuri hujulikana kwa namna anavyoyafuta machozi hayo kabla hayajakauka.

Tulikuwa tukitumia rangi ya mafuta na tina ya kuiyeyushia. Tina ile ilinitia kizunguzungu kufikia saa nne, na kufikia saa sita nilikuwa nikiona mawaridi mawili nilipochora moja. Jirani yetu alikuwa Mama Achieng, aliyeanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya paa lililoungana na letu. Tulikula pamoja mchana, muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa na omena wake, katika sahani moja kubwa, na kila siku alilalamika huku akitafuna. "Fundi, leo mteja ameniuliza hizi omena zimetoka ziwani ama petroli steshoni."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia zimetoka ziwani lakini zimepitia kwa Mkamba."

Mlangoni petu palikuwa na alama ya X, nyekundu, ambayo watu wa reli walikuja kuipaka asubuhi moja bila kusema hodi. Maana yake ilijulikana na kila mtu: siku yoyote, bila kutajwa ni ipi, tingatinga lingepita. Fundi alijaribu kuifuta kwa tina, kwa msasa, hata kwa jivu. Haikutoka. "Angalau hawa wanajua kupaka," akasema, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akiwasifu.

Ndiyo maana oda ya Mama Njoki ilitufikia kama wokovu. Mama Njoki alikuwa na ploti yake Kawangware, vyumba kumi na viwili vya mawe vilivyozunguka ua, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lake. Walitaka masinia arobaini ya kutumia kwenye harusi na matanga, meupe, yenye waridi, maana masinia ya plastiki, alisema, yanamfanya maiti aonekane maskini. Alikuja mwenyewe, akaikagua X yetu bila haya, kisha akasema: "Mutiso, chumba changu cha mwisho, kile cha karibu na barabara, kiko wazi. Nataka fundi mle, si mtu wa baa. Nitaangalia masinia yako, halafu nitajua kama ni wewe." Alipoondoka Fundi alikaa juu ya kalibu yake muda mrefu. Chumba cha mawe. Mlango wa chuma. Mahali ambapo mtu hawezi kukupakia X mlangoni akaenda zake.

Wiki hiyohiyo binamu yake Fundi, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha makopo, alituletea ndoo mbili za rangi nyeupe na mikebe ya nyekundu na kijani, zilizobaki kiwanda kilipobadilisha urembo wa makopo yake. Fundi alifungua ndoo, akaingiza pua.

"Haina harufu."

"Ni ya maji, Fundi," nikamwambia, nikisoma kibandiko. "Hata brashi unaosha na maji."

"Rangi isiyo na harufu ni kama mtu asiyekasirika. Usimwamini haraka. Endelea kusoma, Profesa." Aliniita Profesa kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na B ya hesabu, na jambo hilo nililitaja, nakiri, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Inasema ukishapaka, uipashe moto digrii mia moja na themanini, dakika kumi."

Jiko letu la makaa lingetosha sufuria, si sinia. Fundi akaangalia juu, kwenye tundu la paa, ambapo jua la Februari lilikuwa likituchungulia. "Hili jua letu ni digrii ngapi?"

"Redio ilisema thelathini."

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu nilichofanya baadaye nimewasimulia wanafunzi wangu kila mwaka na bado uso unanichoma. Nilichukua chaki, nikageukia bati la ukuta, na kwa mwandiko mzuri wa mtu mwenye B nikaandika: 30 × 6 = 180. "Siku sita," nikasema.

"Na usiku?" Mama Achieng akauliza kutoka mlangoni, kisu cha samaki mkononi.

"Usiku hauhesabiwi."

"Haya. Mimi sikusoma," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba siku moja atakumbusha watu maneno hayo.

Hakuna aliyenikanya. Na nikifikiri sasa naona kwa nini. Kila kitu tulichokijua kilikuwa kimekaushwa na jua na siku: omena, mahindi, sare za shule, matope ya kuta. Kazi yetu yenyewe inaitwa jua kali. Nani angetuambia sisi, watu wa jua kali, kwamba jua halitoshi?

Basi tukapaka. Ilikuwa raha ambayo sikuwahi kuijua, kupaka siku nzima bila kizunguzungu, na waridi likabaki moja. Nilikata umbo la ua kwenye karatasi ngumu, nikaliweka juu ya sinia, nikagonga rangi kwa sponji. Masinia arobaini yalipanda juu ya paa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana paa lilikuwa la Mama Achieng pia. Siku sita wale wawili walipigania mabati kama mataifa mawili. Alfajiri Mama Achieng alitandaza omena, Fundi akawasukuma kwa fagio. Fundi akienda msalani, omena walisonga mbele hatua mbili. Mimi nilipanda kila saa kugeuza masinia upande wa jua, na kila jioni nilikata mstari kwa chaki chini ya hesabu yangu: thelathini, sitini, tisini. Siku ya sita nilipoandika mia na themanini, Fundi alinishika mkono kama mtu anayepongeza rais. Siku ya saba tulipumzika, kama Mungu, na kwa kujiamini karibu kulekule.

Yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Makavu kwa kugusa, yanameremeta. Tuliyapakia kwenye mkokoteni, tukayasukuma Fundi na mimi hadi Kawangware, na kwenye ua wa Mama Njoki akina mama thelathini wa kanisa walikuwa wamekusanyika kwa chai, blauzi nyeupe na vitambaa vyeupe kichwani, wakitusubiri. Walishangilia kila sinia lilipoteremshwa. Mama mmoja alikuta omena mmoja amenasa chini ya ukingo, ndani ya rangi, mzima na macho yake. "Fundi, huyu pia ni urembo?" Fundi akajibu bila kupepesa jicho, "Huyo ni alama ya karakana." Wakacheka, na Mama Njoki akacheka, na nikaona Fundi akitupia jicho chumba kile cha mwisho, mlango wake wazi, ndani kukiwa giza na safi.

Kisha chai ikamiminwa. Chai ya maziwa, inayochemka, vikombe kumi kumi kwa kila sinia, na akina mama wakayabeba kama wabebavyo akina mama wote wa kanisa: ukingo umeegemea kifuani. Chai ikamwagika kidogo, kama kawaida ya chai. Mvuke ukapanda. Mimi nilikuwa wa kwanza kuona, maana nilikuwa wa pekee niliyekuwa nikitazama masinia wakati wengine wakitazama keki. Mama wa kwanza alipotua sinia mezani, kifuani mwake palikuwa na mstari mwekundu na jani moja la kijani. Wa pili, aliyekwisha gawa vikombe na kulikumbatia sinia tupu, alikuwa na nusu ya waridi. Mchungaji, mtu mpole aliyekuja kuombea vyombo, alipokea sinia kwa mikono miwili, akajifuta jasho, na paji lake likawa jeupe kama la mzimu wa kwenye maigizo ya watoto. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa watu, akaanza kuwasalimu wote kwa mkono.

"Ngai!" mtu akasema. Wakaanza kutazamana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake na kumcheka kabla ya kuonyeshwa lake. Mwisho wakamgeukia Mama Njoki. Alikuwa amelikumbatia, baada ya kugawa vikombe, lile sinia la juu kabisa, nililolichora kwa uangalifu kuliko yote, na waridi lake lilikuwa limemhamia kifuani, zima, juu chini, zuri kuliko lilivyokuwa kwenye bati.

Nilikimbilia nyuma ya vyumba. Nilijua kilichopotea: si masinia, ni mlango ule wa chuma, na nilikuwa nimeupoteza mimi, kwa chaki. Nilijibanza kwenye ukuta wa ghala la mabati nikamsikia Mama Njoki na Fundi wakija upande wa pili.

"Mutiso. Nani alikuambia rangi ya kuoshwa na chai ni rangi?"

"Ni hesabu, Mama. Hesabu ilikataa."

"Hesabu ya nani? Ya huyo msichana wako?"

Treni hazipiti Kawangware, lakini nilihisi ukuta ukitikisika.

"Yangu," Fundi akasema. "Msichana anachora tu. Thelathini mara sita, niliandika mimi mwenyewe."

Halafu Mama Njoki, polepole: "Thelathini ya nini mara sita ya nini?" Akaelezwa. Nilisikia sauti ambayo nilidhani ni kilio; nikachungulia, kumbe mama yule mkubwa alikuwa ameegemea ukuta akicheka kwa kwikwi, na waridi lake. "Mutiso. Ukiweka yai juani siku sita, unapata yai la kuchemsha?"

"Hapana."

"Unapata nini?"

"Harufu, Mama."

Wakati huohuo mtu alipita kando yangu akiwa amebeba sinia kichwani. Alikuwa Wafula, mpangaji wa Mama Njoki aliyeoka mikate kwenye tanuri la matofali nyuma ya ploti. "Dada, kwa nini unaulilia ukuta?" akaniuliza, kisha bila kungoja jibu akazunguka kona. Nikamfuata. "Mama, samahani," akasema. "Masinia yalipofika keki ilikuwa inaungua juu, nikachukua sinia moja la wageni nikafunika nalo tanurini. Nilitaka kulirudisha kabla hujajua. Limechafuka masizi, nimelisugua na waya, nimelimwagia maji ya moto." Akalipindua. "Lakini ua limekataa kutoka. Hata na msumari."

Mama Njoki alilichukua, akakwaruza kwa kucha. Akakwaruza kwa ufunguo. Akamwaga juu yake chai iliyobaki kikombeni, akafuta kwa upindo wa kitambaa cha kichwa, na kitambaa kikabaki cheupe. Watatu wale wakaniangalia, maana nilikuwa nimejitokeza bila kujua. "Profesa," Fundi akasema kwa upole. "Njoo ueleze." Lakini Wafula ndiye aliyeeleza, na mpaka leo, nikiwa na vitabu vyangu vyote, sijapata maelezo bora. "Ni kama unga," akasema. "Ukikanda unga na maji ukauanika, unakauka. Ni mgumu, unagonga kama jiwe. Lakini umekauka tu. Haujaiva. Ukiurudishia maji unakuwa uji. Mkate ni kitu kingine. Mkate ukishaiva, hata uuloweke kwenye chai, haurudi kuwa unga."

Ndivyo ilivyo. Rangi ile ilikuwa chembe za utomvu wa kiwandani zikielea ndani ya maji. Jua liliondoa maji, likaziacha chembe zimelala pamoja kama wageni kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na blanketi lake. Moto mkali ndio unaozishikanisha mikono, na zikishashikana haziachani. Na moto haujumlishwi kwa siku. Kuna mlango ambao joto la thelathini haliufungui, hata likibisha hodi mwaka mzima.

Mama Njoki alitupa wiki moja. Masinia yalisafishwa kwa maji ya moto na sabuni dakika chache tu, na hilo lenyewe lilikuwa tusi. Nikayapaka upya palepale uani, na Wafula akatukopesha tanuri kila adhuhuri mikate ilipotoka. Kipimajoto hakukuwa. Wafula alirusha unga kidogo sakafuni mwa tanuri na kuutazama unavyobadilika. Ukifika rangi ya chai ya maziwa taratibu, moto ni sawa. Dakika tulizihesabu kwa Baba Yetu, ishirini na tano kwa kila fungu, kwa sababu Fundi hakuiamini saa ya simu inayoweza kuisha chaji katikati. Masinia ya zamu yake yalitoka meupe safi. Ya zamu ya Wafula yalitoka na umanjano. Walishutumiana siku mbili, mpaka nikawasikiliza na kugundua kwamba Fundi, Mkatoliki, aliishia kwenye maovuni, na Wafula aliendelea na ufalme na nguvu na utukufu. Mara ishirini na tano. Tukampunguzia Wafula sala tano na amani ikarudi. Fungu la kwanza kabisa lilikuwa limetoka na malengelenge chini ya kingo, kwa sababu tuliliingiza tanurini likiwa bichi, na maji yaliyojificha kwenye mkunjo yalichemka yakatafuta njia. Hapo Fundi ndipo alipopata heshima yake. "Si tuyaanike kwanza?" akasema. Tukayaanika nusu saa, kisha tanurini, na malengelenge yakaisha. Alitembea ua mzima akitangaza, "Nilisema jua lina kazi yake!"

Siku ya kukabidhi, Mama Njoki hakualika mtu. Aliweka sinia moja mezani, akatua juu yake sufuria ya chai inayotokota, akanywa kikombe kizima bila kutuangalia. Kisha akainua sufuria, akachukua waya wa kusugulia, na kwa mkono wa mwanamke aliyelea watoto saba akasugua lile waridi kana kwamba limemtukana. Akalipindua kwenye mwanga. Akalikumbatia kifuani, makusudi, juu ya blauzi nyeupe mpya, akaliondoa, akajitazama. Hakukuwa na kitu. "Chumba kile kina bawaba mbovu," akasema. "Utaitengeneza mwenyewe. Na huyo msichana wa hesabu aje naye. Lakini hesabu ahesabu Wafula."

Tulihamia mwezi ule. Mama Achieng alipata paa lote, akalia. Jambo la kwanza Fundi alilotundika kwenye ukuta wa mawe lilikuwa sinia la jua, moja aliloliokoa kabla ya sabuni, na kila mwanafunzi aliyekuja baadaye akijidai kujua kuliko anavyojua, Fundi alimwambia alambe kidole na kugusa ukingo. Hakuwahi kumweleza mtu hesabu ilikuwa ya nani. Kwa miaka yote ile aliniambia "hesabu yangu", hata tulipokuwa wawili tu, mpaka nikakaribia kuamini.

Kanini alifunga sinia kwa gazeti, akatafuta mifuko ya plastiki, akakumbuka siku hizi imepigwa marufuku. Msichana wa kazi akauliza kama alipanguse kwanza, na mimi na Kanini tukapiga kelele pamoja, "Wacha!" Nilipofika chini manyunyu yalikuwa yameanza. Nililivua sinia gazeti lililoanza kulowa, nikalificha ndani ya koti, kifuani, uso wake kwangu, nikatembea hadi stendi nimejikunja kama mtu aliyeiba mtoto. Nyumbani nililitoa taratibu. Waridi lilikuwa bado pale, limepauka kidogo. Lililobaki lilikuwa kwenye blauzi yangu nyeupe, upande wa kushoto, juu chini.

Blauzi hiyo sijaifua.